Mjadala: Serikali ya Zanzibar iagize vileo yenyewe, au iendelee kuwapa vibali wachache?

Mkaazi wa Bububu

Assalamu alaykum nyote, na salamu kwa wenzetu wa dini nyingine. Naleta hoja ambayo tangu Januari 2024 huzungumzwa barazani kwa sauti ya chini na haijapata kujadiliwa wazi. Wengi mnakumbuka yaliyotokea. Waagizaji watatu wa vileo, waliokuwa wakiihudumia Zanzibar kwa zaidi ya miaka 20, hawakupata vibali vipya kutoka Bodi ya Vileo, na badala yao wakapewa wengine watatu. Kabla mzigo wa hao wapya haujafika kwa kiasi cha kutosha, mahoteli yakakaukiwa, bei ya bia ikakaribia kuwa maradufu, na Waziri wa Utalii, Simai Mohammed Said, akaondoka serikalini katika wiki zile zile.

Sisemi kampuni zipi ni bora. Ninalouliza ni kwa nini biashara hii iwe mali ya watu watatu, wawe wa zamani au wapya. Kipo kisiwa katika Bahari ya Pasifiki kiitwacho Norfolk, kilicho chini ya Australia, chenye watu wapatao 2,000. Huko, kwa miongo mingi, mwagizaji wa vileo alikuwa serikali ya kisiwa peke yake. Mzigo ukishuka unakwenda bohari ya serikali, na faida inaingia katika mfuko wa umma. Mpaka mwaka 2016 wakaazi wa Norfolk hawakuwa wakilipa kodi ya mapato, kwa hiyo bohari ile ilikuwa miongoni mwa nguzo za bajeti yao.

Kama tumekubali kwamba vileo viingie kwa ajili ya watalii, ambao sekta yao ni karibu asilimia 30 ya pato letu, basi naona ni haki zaidi faida ya kuagiza iende hospitali na skuli kuliko mifukoni mwa wachache ambao hatukuambiwa walichaguliwa kwa vigezo gani. Naomba tujadili.

Mama wa Jang'ombe

Waalaykumu salaam. Nimesoma na nimesikitika. Tumefika mahali ambapo Mzanzibari anapendekeza Serikali ya Mapinduzi ifungue bohari ya ulevi, halafu faida yake ikajenge madrasa na skuli za watoto wetu? Udhibiti wa vileo uliwekwa ili vipungue. Haukuwekwa ili serikali itafute namna ya kuvifaidi.

Mimi naishi mtaa ambao zamani baa ilikuwa jambo la mbali. Leo nikitoka asubuhi kumpeleka mjukuu chuoni kusoma Kurani, tunapita juu ya mtaro ambao vizibo vya bia vimekaa ndani yake kama kokoto, na mtoto ameshajua kuvitofautisha kwa rangi. Hilo ndilo linaloniuma. La nani ana kibali na nani hana, halinihusu.

Na tuseme kweli: wanaolia na uhaba ule ni wenye mahoteli na watu wa bara waliokuja na baa zao. Mzanzibari wa kawaida hakupungukiwa na kitu Januari ile.

Mhudumu wa Nungwi

Mama yangu, shikamoo. Nimesoma hoja ya mwenye mada na nilikuwa na la kusema juu ya bohari, lakini siwezi kulipita neno lako la mwisho. Mimi ni mmoja wa hao watu wa bara. Kwetu ni Singida. Sikuja na baa. Nilikuja na cheti cha hoteli, nikaajiriwa, nalipa kodi ya nyumba kwa mwenyeji wa hapa, nanunua samaki kwa mvuvi wa hapa, na mwanangu amezaliwa hapa.

Acha nikwambie Januari ile ilivyokuwa upande wa pili wa kaunta. Meneja alikuja na kalamu nyekundu akaanza kufuta majina katika orodha ya vinywaji, kwanza bia mbili, kesho yake divai zote nyeupe, kisha akatuambia tuikunje kabisa ile orodha na tumsomee mgeni kwa mdomo kilichobaki. Mgeni aliyelipa kifurushi cha kila kitu nyumbani kwake Ulaya haelewi habari ya kibali. Anachoelewa ni kwamba ameahidiwa kitu na hakukipata, na anayemwona mbele yake ni mimi. Bahashishi zilikatika. Vijana wa mkataba wa msimu waliambiwa wapumzike nyumbani bila malipo, na wengi wao, Mama, walikuwa wa Matemwe, Kidoti na Nungwi penyewe. Wamo waliokuwa wakiuza juisi na madafu kwenye ufuo huo huo. Nao walikuwa na njaa ile ile.

Jambo jingine ambalo sisi wa bara linatushangaza: bia iliyotengenezwa Dar es Salaam, ndani ya Jamhuri hii moja, ikivuka mkondo wa bahari inahesabiwa kuwa bidhaa ya kuagizwa na inahitaji kibali. Naomba mwenye elimu anieleze hilo limekaaje.

Karani Mstaafu wa Malindi

Kijana wa Singida, kuvuka bahari kwa kibali si jambo la kukushangaza, na si jambo la jana. Zanzibar ina serikali yake, na biashara ya vileo ndani ya mipaka yake ni yake kuitawala. Usipoliheshimu hilo huwezi kuheshimiwa katika mengine.

Baada ya kusema hayo, nataka kumkumbusha mwenye mada asiyoyaona. Mimi nilifanya kazi bandarini tangu enzi ambazo karibu kila kitu kiliingizwa na mashirika ya serikali. Waliozaliwa baada ya 1984, mwaka ambao biashara ilifunguliwa chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, hawajui maana ya kupanga foleni ya unga huku karani wa dukani akijua fika kwamba gunia la mwisho limekwishapangiwa wenyewe. Mchele ulikuwa kwa mgao. Sukari kwa mgao. Sabuni, ukiwa na mjomba anayekujua. Serikali ilikuwa na nia njema, lakini anayeagiza peke yake hana anayemharakisha, na anayeuza peke yake hana anayemkosoa.

Tazameni karafuu. Mnunuzi kwa sheria ni mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa. Miaka yote ambayo bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya Mombasa, karafuu zilivuka usiku kwa mashua kutoka Pemba, na hakuna doria iliyofua dafu. Magendo yalipungua pale serikali ilipompandishia mkulima bei sana mwaka 2011. Bei ndiyo iliyoyazima magendo, wala si bunduki. Sasa mnataka tuanzishe ukiritimba mwingine, wa bidhaa ambayo inavushika kwa urahisi zaidi kuliko karafuu? Katoni moja ya konyagi inakaa chini ya dagaa na haionekani.

Na lile la waziri kufukuzwa lilitosha kutuonyesha kwamba biashara hii ikiguswa, hata wakubwa huanguka.

Mwanasheria wa Vuga

Mzee wangu, kwa heshima, waziri hakufukuzwa. Alijiuzulu mwenyewe mwishoni mwa Januari 2024, na alieleza kuwa mazingira ya kazi hayakuwa rafiki. Kabla ya hapo alikuwa amelalamika hadharani juu ya uhaba wa vinywaji na athari zake kwa utalii. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu aliyefukuzwa huondolewa na aliyemteua, na aliyejiuzulu huwa amechagua mwenyewe.

Ndugu wa Singida ameuliza swali la haki na ajibiwe. Orodha ya Mambo ya Muungano iliyoko katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inataja biashara ya nchi za nje na ushuru wa forodha. Leseni za vileo hazimo. Kwa hiyo kontena la divai kutoka Cape Town likifika Malindi linakutana na mamlaka mbili: ushuru wa forodha ni wa Muungano, na ruhusa ya kuingiza na kuuza kileo ndani ya Zanzibar ni ya Zanzibar, kwa sheria yake yenyewe iliyotungwa mwaka 2020 na Bodi iliyo chini yake. Bia kutoka Dar es Salaam haitoki nchi ya nje, lakini inaingia katika eneo ambalo sheria ya vileo ni nyingine. Ndiyo maana inahitaji kibali. Mtu anaweza kuona haifai, ila si kinyume cha utaratibu.

Kuhusu mada yenyewe, nadhani kuna swali linalotangulia la nani aagize: je, vigezo vya kupata kibali vimetangazwa mahali ambapo mwananchi anaweza kuvisoma? Kama vimetangazwa, mjadala wa Januari 2024 ungemalizika kwa kumwonyesha aliyekosa kibali kifungu alichokikosa.

Mama wa Jang'ombe

Marahaba, mwanangu wa Nungwi. Sikukutukana, na kama umeumia kwa ajili ya mwanao, mimi pia nasema kwa ajili ya wajukuu zangu. Lakini umenithibitishia nilichosema. Umesema vijana wa Matemwe na Kidoti walikosa kazi kwa sababu bia haikufika. Basi hiyo ndiyo hali tuliyojitia: riziki ya kijana wa Kiislamu imefungwa kwenye kizibo cha chupa, na Bodi ikikosea tarehe moja, watoto wake hawali. Hilo haliwaogopeshi?

Na wewe Mzee wa Malindi, unasema udhibiti huzaa magendo, kana kwamba dawa ya mwizi ni kuacha mlango wazi.

Mwana wa Mkunazini aliye Muscat

Nawasoma kutoka huku, na naona Mama wa Jang'ombe ameachwa ajibiwe kwa mambo ya foleni na katiba, ilhali alichouliza ni cha dini: je, inafaa dola ya Waislamu iwe na mkono katika biashara hii? Ninaishi Oman, nchi ambayo hakuna atakayeitilia shaka Uislamu wake. Hapa vileo vinauzwa. Vinauzwa katika hoteli zenye leseni na katika maduka maalumu yasiyo na mabango, na mkaazi asiye Mwislamu anayetaka kununua vya kunywea nyumbani huhitaji kibali. Mwaka 2019 Serikali iliweka kodi maalumu ya asilimia 100 juu ya vileo pamoja na tumbaku, halafu muda si mrefu ikaishusha kwa muda ile ya vileo mpaka asilimia 50.

Kwa hiyo serikali ya Kiislamu hapa imechukua fedha, tena nyingi, kutoka kwenye kileo, bila yenyewe kushika chupa. Hapo ndipo ninapotofautiana na mwenye mada. Kutoza kodi ni jambo moja, na kuwa muuzaji ni jingine. Mwenye kutoza kodi anaweza kupandisha kodi ili watu wanywe kidogo. Muuzaji akiona mauzo yameshuka, atatafuta namna ya kuyapandisha, hata kama muuzaji huyo ni wizara. Mama, hofu yako ya dini na hesabu ya uchumi hapa zimekutana.

Mwalimu wa Chake

Naomba niseme kutoka Pemba, kwa kuwa mjadala huu kila siku huwa wa Unguja na hoteli zake.

Mwenye mada ametupa mfano wa Norfolk bila kutuonyesha Norfolk ilivyo. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 35 hivi. Pwani yake kwa sehemu kubwa ni majabali yanayoporomoka moja kwa moja baharini. Hakina bandari ya maji marefu: meli hutia nanga nje, na mzigo hushushwa kwenye matishari yanayovutwa mpaka gati ya Kingston au ya Cascade, kutegemea upande gani bahari imetulia siku hiyo. Bahari ikichafuka, meli inasubiri. Mahali kama hapo, serikali ikisema chupa zote zipite bohari moja, zitapita, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuzipitisha. Kila mtu anamjua kila mtu, na katoni ngeni itaonekana kabla haijafika barabarani.

Sisi ni watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022. Pemba peke yake imekatwakatwa na hori na mikoko ambayo nakhoda anayeijua anaweza kujificha humo kutwa nzima. Bandari bubu tunazijua kwa majina, na wanaozitumia tunawajua pia. Ukiipa bohari moja ya serikali haki ya kuagiza, halafu ukaiwekea bei ya juu ili ipate faida ya kujengea hospitali, umemtangazia kila mwenye mashua ya injini kwamba tofauti ya bei kati ya Tanga na Wete ni yake. Mwenye mada atuambie atazifunga vipi bandari bubu kabla hajafungua bohari.

Niongeze jambo kuhusu watu wa Norfolk wenyewe. Mababu zao walihamia hapo mwaka 1856 wakitoka kisiwa cha Pitcairn, na ni kizazi cha mabaharia walioiasi meli ya Bounty mwaka 1789 pamoja na wanawake wa Tahiti. Pitcairn hakukuwa na mwagizaji wa pombe hata mmoja, wala meli ya kuileta. Lakini mmoja wa waasi wale, McCoy, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha pombe kali Scotland, aligundua namna ya kuichemsha kutokana na mizizi ya mmea wa ti. Ulevi ukaongezeka juu ya ugomvi uliokuwapo, McCoy mwenyewe akajirusha jabalini, na kufikia 1800 mwanamume mtu mzima aliyebaki hai kisiwani alikuwa mmoja tu. Ninachotaka kusema ni kwamba kufunga mlango wa kuagiza hakufungi mlango wa kutengeneza. Gongo na tembo kali la mnazi havisubiri kibali cha Bodi.

Mama wa Jang'ombe

Mwalimu, umeeleza vizuri kuliko mimi. Wanaume wazima wa kisiwa kizima wakateketea mpaka akabaki mmoja. Hiyo ndiyo pombe. Bado kuna anayeuliza nani aiagize?

Mwalimu wa Chake

Mama, naomba usome tena. Nimesema ulevi uliongezeka juu ya ugomvi wao wakiwa hawana uagizaji wowote.

Mkaazi wa Bububu

Nimekuwa nikisoma kwa subira, na naona nasemwa kana kwamba nimekurupuka. Mwalimu wa Chake anasema nimetaja Norfolk bila kuionyesha, kana kwamba sijui bandari. Mimi nimezaliwa Funguni, marehemu baba yangu alikuwa mtu wa majahazi, na bandari bubu sikuzisoma gazetini. Nilichagua mfano mdogo kwa makusudi, ili ionekane kwamba hata kisiwa kisicho na gati ya maana kiliweza kuweka hesabu za umma za kila chupa iliyoingia, ilhali sisi wenye bandari, mamlaka ya mapato na wizara nzima hatujaweza kumwambia mwananchi kibali kinatolewa kwa msingi gani.

Na Karani Mstaafu anapozungumzia foleni za unga, namwomba asichanganye mahitaji na anasa. Unga ukikosekana mtoto hufa. Bia ikikosekana mtalii hununa. Kama lipo shirika la umma linaloweza kuruhusiwa kuchelewa na kukosea bila kumuua mtu, ni la vileo.

Mhudumu wa Nungwi

Kaka wa Bububu, mtalii hanuni tu. Anaandika. Akiandika, msimu unaofuata anakwenda kisiwa kingine, na mimi nafungashwa virago. Naomba usiliite jambo la kununa.

Halafu lipo ambalo hamjaligusa nyote, na sisi wa kaunta ndio tunaolishika kwa mikono. Uhaba ukiingia, huingia na chupa zisizoeleweka. Katika wiki zile alikuja mtu na boksi la pombe kali zenye chapa inayojulikana, bei yake ya kuridhisha. Nilikishika kifuniko cha chupa ya kwanza na kikazunguka bila kukatika ile pete ya chini. Ya pili hivyo hivyo. Lebo ilikuwa imebandikwa juu ya alama ya gundi ya lebo nyingine. Bara, tangu 2019, chupa ya namna hiyo hubandikwa stempu ya kielektroniki ya kodi, na ukiwa na simu unaweza kuihakiki. Hizi hazikuwa na kitu. Nilimrudishia boksi lake. Sijui aliyefuata alimrudishia au alipokea, na sijui mgeni gani alikunywa nini.

Mnabishana juu ya dini, na juu ya serikali na kampuni, lakini udhibiti wa kwanza ni mtu kujua kilichomo ndani ya chupa hakitamtoa macho. Bodi ingeanzia hapo, mimi nisingejali kibali ni cha nani.

Karani Mstaafu wa Malindi

Kijana amesema neno. Marufuku ya viroba kule bara mwaka 2016 ilitokana na mambo kama hayo.

Mwanasheria wa Vuga

Tangazo lilitolewa mapema, Mzee, ila marufuku ya vifungashio vya plastiki vya pombe kali ilianza rasmi tarehe 1 Machi 2017. Nalitaja si kwa kupenda kusahihisha, bali kwa sababu linatupa somo linalofaa hapa. Hata pale, kelele kubwa za wafanyabiashara zilikuwa kwamba muda wa kumaliza shehena iliyokuwa bohari haukutosha, ingawa tangazo lilitangulia. Zanzibar mwaka 2024 hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa aliyekuwa na mzigo hakuwa na kibali, na aliyekuwa na kibali hakuwa bado na mzigo.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kosa la Januari 2024 lilikuwa la utaratibu, nalo lingeweza kutokea chini ya mfumo wowote mnaoupendekeza. Shirika la serikali la ndugu wa Bububu nalo lingeweza kubadilishiwa mkurugenzi mwezi wa Desemba na kukosa kulipa wauzaji wake kwa wakati. Mwagizaji akiwa mmoja, au watatu, au thelathini, lazima sheria iseme ni miezi mingapi kabla ya kibali kwisha anapaswa kujulishwa kama kitahuishwa, na akikataliwa apewe sababu kwa maandishi na njia ya kukata rufaa.

Mwana wa Mkunazini aliye Muscat

Mwanasheria, hilo la maandishi nakuunga mkono, lakini bado unakwepa idadi. Ukiwa na waagizaji watatu tu, hata ukiwapa ilani ya mwaka mzima, mmoja akianguka theluthi ya soko imeanguka naye. Dubai, kwa miaka mingi, biashara ya maduka ya vileo ilikuwa mikononi mwa kampuni mbili, na iliwezekana kwa sababu walikuwa na mabohari makubwa na bandari isiyolala. Sisi bohari zetu ni zipi? Anayepewa kibali leo atahifadhi wapi shehena ya miezi mitatu, na kwa mtaji wa nani?

Karani Mstaafu wa Malindi

Swali hilo la bohari ndilo nililokuwa nikilingoja tangu mwanzo. Waliopewa haki ya kuagiza wangelazimishwa kuonyesha kwanza bohari iliyojaa, kabla ya kibali kuanza kufanya kazi. Zamani bandarini hatukumwondoa kuli wa zamu kabla mwenzake hajafika na kusaini daftari. Meli haikai ikisubiri watu wapatane.

Mkaazi wa Bububu

Mzee, hapo hatugombani. Lakini mtu binafsi atakayeweza kujaza bohari ya miezi mitatu ni tajiri yule yule wa siku zote. Ukiweka sharti hilo bila serikali kujenga bohari ya pamoja ambayo hata mwagizaji mdogo anaweza kukodi nafasi ndani yake, umerudi kwa wachache. Basi naipunguza hoja yangu: serikali isiagize. Ijenge bohari moja chini ya forodha, kila chupa ipite humo, ihesabiwe, ihakikiwe kama anavyotaka ndugu wa Nungwi, na mwagizaji yeyote aliyetimiza vigezo vilivyotangazwa alipe kodi ya nafasi. Hesabu zitangazwe kila baada ya miezi mitatu, ili Mwalimu wa Chake naye aone fedha ilikokwenda.

Mwalimu wa Chake

Ikiwa bei ya kupitia bohari hiyo itakuwa ndogo kiasi kwamba magendo hayalipi, nitaiunga mkono. Ikiwa kubwa, nimekwishasema. Na naomba ieleweke kwamba Pemba hatutaki tawi la bohari hiyo. Tunataka mgao wa mapato.

Mama wa Jang'ombe

Nimewaelewa kwamba mmeamua liwepo, na sasa mnapanga liwepo vizuri. Sikubaliani, na sitajifanya nakubaliana ili tupatane.

Lakini kama mnaandika vigezo, kiandikeni na hiki: baa isipewe kibali mtaani bila sheha, msimamizi wa mtaa, na majirani kuulizwa kwa maandishi, na jibu lao lihesabiwe. Mnampa mwagizaji miezi ya ilani na haki ya rufaa. Mimi ninayekaa kando ya mtaro ule sijapewa hata karatasi ya kuulizwa. Mwanasheria, hilo nalo linawezekana katika sheria, au ni haki ya wenye makontena peke yao?

Mwanasheria wa Vuga

Linawezekana, Mama. Tena kati ya yote yaliyosemwa hapa, ndilo rahisi zaidi kuandikwa, kwa kuwa halihitaji bohari wala fedha. Nikipata wasaa nitaliandika kwa lugha ya kifungu na kuliweka hapa, kila mmoja alikosoe kabla ya kumpelekea mjumbe yeyote wa Baraza la Wawakilishi. Naomba tu unisaidie jambo moja: unataka majirani wa umbali gani waulizwe? Ukisema mtaa mzima, mwombaji atadai haiwezekani. Ukisema nyumba zinazopakana naye, atapangisha nyumba mbili za jirani na kuzijaza watu wake.

Mama wa Jang'ombe

Weka kila nyumba ambayo mtoto wake hupita mbele ya baa hiyo akienda chuoni au skuli. Sheha anawajua.